Nani Aliyeipoza Pikapu ya Mzee Shekoloa?

Sogeeni. Aliye nyuma asije akasema kesho kwamba hakusikia, na aliye mbele asije akasema nilimpigia kelele. Kisa ninacho, lakini si cha kubembelezea mtoto alale. Kina hasira tangu mwanzo wake, na mwisho wenyewe sinao. Huo nitawaachia nyinyi.

Katika bonde la Kweshindo, huko Usambara, kuna watu watatu wa nyumba moja, na kila mmoja Mungu alimjalia chake.

Wa kwanza ni Hidaya, binti mkubwa wa Mzee Shekoloa. Huyu alijaliwa pua. Amefanya kazi miaka kumi na miwili katika kiwanda cha chai, kwenye chumba ambamo majani yaliyosagwa hutandazwa yabadilike rangi. Yakifika yanapotakiwa, harufu yake hugeuka, na ukichelewa kidogo tu chai imeharibika. Saa kubwa imetundikwa ukutani, lakini msimamizi huwa haitazami. Humtazama Hidaya.

Wa pili ni Sembe, mdogo wake Hidaya. Huyu alijaliwa sikio. Anaendesha msumeno mkubwa wa kupasulia magogo. Mti ukiwa umemeza msumari wa zamani, Sembe husikia chuma kinabadili sauti, naye huwa ameshazima mashine kabla wenzake hawajageuza shingo. Vidole vyake vyote kumi anavyo, na kwa kazi ile huo ni ushahidi wa kutosha.

Wa tatu ni Mwantumu, mke wa Sembe. Huyu alijaliwa kiganja. Ni mfinyanzi, mtoto wa wafinyanzi. Chungu kikitoka motoni hukipitishia mkono kwa juu, bila kukigusa, akakwambia ubavu upi umeiva na upi bado umelala. Sijasikia mtu aliyenunua chungu cha Mwantumu kikampasukia mekoni.

Sasa gari. Mzee Shekoloa alikuwa na pikapu kuukuu, rangi yake zamani ilikuwa ya maziwa, na umri ilimzidi hata Hidaya. Hilo ndilo gari pekee bondeni. Hospitali iko juu, mjini, na njia ya kwenda huko ni kona kumi na mbili zilizochongwa ubavuni mwa mlima, kila moja kali kuliko mwenzake. Mgonjwa akizidiwa, watu walikuwa hawaulizi twende wapi. Waliuliza, "Hidaya yupo?" Maana macho ya mzee yalishaingia ukungu, na usukani alikuwa amemwachia binti yake.

Mwaka jana, mwezi wa Septemba, asubuhi ya siku ya gulio, Mwantumu alishikwa na uchungu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza baada ya miaka sita ya kungoja. Hidaya akafungua boneti, akajaza rejeta mpaka maji yakafika mdomoni, akafunga. Wakapanda: yeye kwenye usukani, Mwantumu katikati, Sembe mlangoni amemshika mkewe mkono. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, salama. Ya tano, mshale wa joto ukaanza kupanda. Ya saba, ukagota kwenye alama nyekundu, mvuke ukafumka chini ya boneti, na injini ikazima.

Walikaa pale zaidi ya saa mbili. Lori la viazi lilipotokea, mtoto alikuwa ameshazaliwa kando ya barabara, juu ya kanga. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

Siku ya tatu baada ya maziko, Sembe alimfuata dada yake uani, mbele ya watu waliokuja kuhani.

"Hukutia maji."

"Nilijaza mpaka mdomoni, Sembe. Wallahi."

"Yalikwenda wapi? Nililala chini ya gari mimi mwenyewe nikatazama. Rejeta nusu tupu, na vumbi chini kavu. Hakuna hata tone. Maji yalikuwa na mabawa?"

Hidaya hakuwa na jibu, na mbele za watu asiye na jibu huhesabiwa mwongo. Akawaona wanawake aliowapeleka hospitali kwa mikono yake wakiinamisha macho. Laiti Sembe angempiga kofi! Kofi lingepoa siku ile ile. Lile neno lilikaa naye jikoni, likalala naye kitandani, likaenda naye kazini, mpaka siku moja akapitisha tandazo zima la majani bila kunusa chochote, msimamizi akamfokea kwa mara ya kwanza.

Ufunguo akanyang'anywa. Tangu hapo ndugu wawili wale wakapitana uani kama wapangaji waliogombania maji ya bomba. Na Mwantumu aliacha kusema. Hakusema na huyu wala na yule. Alifinyanga tu.

Pikapu ikaletewa mafundi. Wa kwanza alitoa themostati, kile kidude kinachoyazuia maji mpaka injini ishike moto, akasema kazi imekwisha. Ikachemsha. Wa pili akakaza mkanda wa feni. Ikachemsha. Wa tatu akaizunguka mara moja, akasema gari hili ni la kuuzwa kwa wanaopima vyuma chakavu.

Neno hilo lilimuudhi mzee. Akawaita watoto wake, na mkwewe naye akaja akasimama mlangoni. Mzee alikuwa na ufunguo mkononi, umefungwa kwa uzi mwekundu.

"Nimechoka kula chakula kwenye nyumba ya mabubu," alisema. "Hili gari linaumwa, na nyinyi mnaumwa. Sikilizeni. Atakayelifikisha juu, kona zote kumi na mbili, bila kuchemsha, ufunguo huu ni wake, na gari ni lake. Akitaka kubeba wagonjwa abebe, akitaka kubeba mbao abebe. Na wengine wakishaona, wanyamaze."

"Nani aanze?" Sembe akauliza.

"Mkubwa wako."

"Mkubwa wangu alishapata zamu yake."

"Sembe!" Mzee alipiga fimbo chini. "Nimesema mkubwa."

*

Hidaya hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alikuwa na miezi minane ya hasira, na hasira ikikosa pa kwenda huwa na subira ya ajabu. Injini ikiwa baridi alijaza maji na dawa ya rejeta, ile ya kijani ambayo baba yake hakukubali kamwe ikosekane. Akaiwasha, akalala chini kifudifudi nusu saa nzima. Hakikudondoka kitu. Akaiendesha mpaka kona ya tatu, akasimama, akazima, akafungua boneti, akafumba macho, akanusa.

Akanusa oili. Akanusa mpira wa moto. Akanusa vumbi. Na chini ya hayo yote, kwa mbali, akanusa kitu kitamu, kama sukari inayoanza kuungua. Dawa ya rejeta. Akaifuata kwa pua kama mtu anayefuata kamba gizani: haikuwa kwenye mipira ya maji, haikuwa chini ya pampu, ilikuwa juu, shingoni mwa rejeta. Akangoja mpaka chuma kipoe, kisha akafungua kifuniko. Mpira wake wa ndani ulikuwa umekauka na kupasuka kama kisigino cha kiangazi, na springi yake ilibonyea kwa kidole kimoja.

Akaelewa. Kifuniko kile kazi yake ni kuyabana maji yasichemke mapema. Kilikuwa hakibani tena. Maji yalipopata moto yalipenya pembeni, yakaangukia injini inayowaka, yakageuka mvuke kabla ya kugusa ardhi. Hayakumwagika. Yalipaa.

Hidaya alikaa pale kona ya tatu akalia, na nawaambia kweli, hakikuwa kilio cha huzuni. Alilia huku anapiga boneti kwa ngumi. Halafu akateremka nyumbani, akamtupia Sembe kile kifuniko mapajani.

"Hayo ndiyo mabawa uliyoyauliza."

Sembe akakigeuza, akakitazama. "Kidude hiki? Kidude hiki kinachoenea kiganjani ndicho unachotaka kunieleza kimemuua mwanangu?"

"Ndicho. Nilitia maji!"

"Tutaona."

Kikatafutwa kifuniko kipya, kikafungwa. Siku ya pili, saa tatu asubuhi, wakapanda wote wanne, Mwantumu akiwa nyuma kwenye bodi. Kona ya saba wakaipita. Hidaya aliisikia pumzi yake mwenyewe. Kona ya nane, mshale ukapanda, ukafika kwenye nyekundu, na mvuke ukatoka.

Kisha Sembe akafungua mlango, akashuka.

"Kona moja," alisema. "Umetuongezea kona moja, dada. Pia maneno umeongeza."

*

Zamu ya Sembe ilipofika, hakulala chini wala hakunusa. Alichukua kijiti kirefu cha mwaloni, ncha moja akaigusisha kwenye chuma cha injini, ncha nyingine akaibana sikioni, akamwambia baba yake awashe. Akasikiliza upande wa feni. Akasikiliza vichwa vya silinda. Alipogusa pampu ya maji, uso ukambadilika.

"Ongeza moto kidogo, Baba."

Mzee akakanyaga. Injini ikanguruma, lakini ndani ya pampu Sembe hakusikia maji yakikimbia zaidi. Alisikia kama changarawe zinasuguana ndani ya kibuyu. Mlio wa injini ulipanda, mlio wa maji ukabaki pale pale.

"Zima."

Akaifungua siku ile ile. Ndani ya pampu, mapanga yanayosukuma maji yalikuwa yameliwa na kutu mpaka yamebaki vishina, kama meno ya ajuza. Pampu ilizunguka, lakini ilizungukia hewa. Akashuka mpaka Korogwe kwenye magari mabovu yaliyolazwa, akatafuta kutwa nzima, akarudi na pampu nzima ya gari la aina ile ile, akaifunga kwa mikono yake.

"Maji yalikuwa yamesimama," alimweleza baba yake kwa sauti ambayo Hidaya aliyekuwa akifua karibu hakuweza kukosa kuisikia. "Unaweza kuweka vifuniko kumi. Maji yasiyotembea ni maji ya kuchemka tu."

Wakapanda tena. Kona ya saba, ya nane, ya tisa. Sembe alishaanza kutabasamu. Kona ya kumi, mshale ukagota, mvuke ukapanda mbele ya kioo.

Hidaya akacheka. Nyinyi mnaomhurumia, sikilizeni na hili: alicheka, akacheka mpaka akashika tumbo, palepale mahali ambapo mdogo wake ameinamisha kichwa.

"Kona mbili! Hongera, fundi. Mimi moja, wewe mbili. Tukipata ndugu wengine kumi tutafika."

Sembe alichukua spana iliyokuwa mkononi, akairusha bondeni kwa nguvu zake zote. Wakaisikia ikigonga mawe, mara tatu, mara nne, kisha kimya. Wakashuka hivyo hivyo, kila mtu anatazama dirisha lake.

*

Asubuhi iliyofuata Mwantumu alikuja uani, akafuta mikono kwenye kanga yake, akasema, "Baba, zamu yangu."

Wote wakageuka. Tangu siku za msiba hawakuwa wamesikia sauti ile.

"Zamu yako, mwanangu," mzee akasema taratibu.

Mwantumu akaomba iwashwe mpaka ishike moto, kisha izimwe na feni isimame kabisa. Feni iliposimama, akainama mbele ya rejeta, akaipitishia kiganja bila kuigusa, kama afanyavyo kwa vyungu vyake. Juu, moto. Pembeni kulia, moto. Katikati akasita. Akarudisha mkono, akaurudisha tena.

"Hapa pamelala."

"Pamelala vipi?" Sembe aliuliza.

"Ni baridi. Huku maji yamepita, hapa hayapiti. Nusu ya kitu hiki haifanyi kazi."

Rejeta ikateremshwa. Mwantumu akaipindua, akaiingizia maji kutokea chini, kinyume cha mwendo wake. Mwanzoni hayakutoka. Kisha yakaanza kutoka mazito, ya rangi ya kahawa, na mwisho ukatoka udongo. Akauchukua kwa vidole viwili, akausugua, na hakuhitaji kuambiwa. Ni udongo wa mto wa Kweshindo, huo huo anaofinyangia. Miaka thelathini pikapu ile ilipoishiwa maji njiani, kila mtu aliijazia kwa kata ya mtoni, na kila kata iliacha punje zake ndani. Akaiosha siku mbili. Mapezi ya nje yaliyozibwa na mbegu za nyasi na mabawa ya wadudu akayasafisha moja moja kwa unyoya wa kuku. Hakumruhusu mtu amsaidie. Walipojaribu, aliwatazama tu, wakarudi nyuma.

Ikafungwa. Wakapanda. Safari hii Mwantumu alikaa mbele.

Walipokaribia kona ya saba Hidaya, aliyekuwa kwenye usukani, alipunguza mwendo bila kukusudia.

"Usisimame," Mwantumu akasema.

Hakusimama. Nane. Tisa. Kumi. Mshale umetulia katikati kama umepigiliwa msumari. Kumi na moja. Kumi na mbili. Wakatokea juu, upepo wa mjini ukawapiga, na injini ikawa inanguruma polepole bila hata ukungu mbele ya kioo.

Mzee Shekoloa akatoa ufunguo wa akiba, ule wenye uzi mwekundu, akaunyoosha kwa Mwantumu.

"Hapana!"

Aliyepiga kelele ni Hidaya, na hata yeye sauti ile ilimshtua.

"Baba, hapana. Mimi ndiye niliyejua kwanza kwamba maji yanapaa. Nyumba hii yote ilinitazama kama mwuaji, nikaingia kwenye injini peke yangu, nikatoka na jibu. Leo limefika juu, mimi nimekuwa si kitu?"

"Kifuniko chako kilituletea kona moja," Sembe akasema.

"Moja, eh? Turudi chini. Kesho nitakuonyesha moja."

Na kesho yake akafanya. Injini ikiwa baridi, alitoa kifuniko kipya, akarudisha kile kibovu, pampu mpya ikiwa mahali pake na rejeta ikiwa safi. "Pandisha sasa," akamwambia Sembe. Sembe akapandisha. Kona ya tisa, ikachemsha.

"Umeiona moja?"

Sembe alikuwa amekunja uso, jasho linamtoka. "Nimeiona. Basi na yangu iangaliwe."

Akashinda mchana kutwa anafungua, akarudisha ile pampu iliyoliwa, kifuniko kizuri juu, rejeta safi. Siku ya tatu wakapanda. Kona ya nane, ikachemsha.

Hapo ndipo Mwantumu aliposhuka kwenye bodi. Alitembea mpaka mbele ya gari, akasimama kwenye mvuke ule, na sauti yake ilisikika mpaka mashamba ya chini.

"Mnaichemsha makusudi! Gari lililonichukulia mwanangu, mnalichemsha makusudi, mara mbili, ili mjue nani mjanja! Wewe wifi, ulikuwa unatafuta jina lako. Wewe mume wangu, ulikuwa unatafuta wa kumlaumu. Ni nani kati yenu aliyekuwa anatafuta dawa ya hili gari? Baba alisema atakayelifikisha juu. Lilifika juu mkononi mwa nani?"

"Lilifika kwa kukanyaga mabega yetu!" Hidaya akamjibu. "Uoshe rejeta yako siku mia, bila kifuniko changu maji yanapaa!"

"Na bila pampu yangu hayatembei," Sembe akasema.

"Na bila mkono wangu yanazunguka ndani ya matope. Mlifika wapi kabla yangu? Nane! Kumi! Mlishindwa wote wawili!"

"Wifi, mimi nilipoteza jina langu."

"Mimi nilipoteza mtoto."

Injini ilikuwa inatoa milio midogo ya chuma kinachopoa. Hidaya alitazama chini. Alitaka kusema kitu, na kila alichokitafuta kilikuwa kidogo mno. Kisha akamgeukia mdogo wake, maana kwake ndiko hasira ilikojua njia.

"Sema basi. Sema leo, mbele ya Baba. Nilitia maji, sikutia?"

Sembe alijifuta uso kwa mkono uliojaa grisi.

"Ulitia, dada. Nimejua tangu siku uliponitupia kile kifuniko."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza. Ningesema, ningebaki na hasira yangu bila mtu wa kumkabidhi. Nisamehe. Lakini ufunguo si msamaha. Msamaha nimekuomba. Ufunguo utapata anayestahili."

Miezi minane Hidaya alilingoja neno lile, na limekuja limefungwa pamoja na lingine. Hakujua amkumbatie au amsukume bondeni iliko ile spana. Hakufanya hata moja.

Mzee Shekoloa aliwatazama kwa yale macho yake ya ukungu. "Rudisheni kila kitu kizuri mahali pake," alisema. "Mkilichemsha tena mara moja tu mtapasua injini, na hapo nitawazika nyote watatu kando yake."

Wakarudisha. Pikapu ikapanda kona zote kumi na mbili, ikashuka, ikaegeshwa uani. Mzee akautia ufunguo mfukoni, na ule mwingine pia.

"Nilitoa neno," akasema, "na neno langu lina tundu moja tu, haliwatoshi watatu. Mpaka nijue ufunguo ni wa nani, hapana atakayeligusa gari."

Wakamwambia lishirikiwe. Akakataa. Akasema watu wasiosemezana hawawezi kushirikiana usukani, watakuja kuugombania kwenye kona.

Basi ndivyo lilivyo mpaka hivi leo. Bonde la Kweshindo limekatika vipande vitatu. Wafanyakazi wa chai wanasema ufunguo ni wa Hidaya: ndiye aliyefungua njia, akasingiziwa, na bila yeye wangekuwa bado wanamsaka mwongo badala ya kusaka ubovu. Wapasua mbao wanasema ni wa Sembe: maji yakikosa kusukumwa hayana kazi, hata yawe mengi na masafi vipi, naye ndiye peke yake aliyekiri kosa lake mbele ya baba yake. Wafinyanzi wanasema ni wa Mwantumu: sharti lilikuwa kufika juu, naye ndiye aliyefikisha, na kama ni kulipia, nani alilipa kuliko yeye? Kwenye kibanda cha kahawa wiki iliyopita walirushiana vikombe. Hata nyumbani kwangu, mke wangu na mimi hatukubaliani, na tangu juzi chai nachemsha mwenyewe.

Na wakati watu wanabishana, gari ni zima. Halivuji, halichemshi, mshale wake unakaa katikati. Lakini haliendi popote. Jumanne iliyopita mke wa jirani alishikwa na uchungu, wakambeba kwa machela, wanaume wanane wakipokezana, wakipita mbele ya pikapu iliyosimama uani. Alijifungua kona ya tisa. Safari hii mtoto alilia. Je, na safari nyingine?

Kwa hiyo sikuja kuwastarehesha. Mzee amesema Ijumaa baada ya sala atasimama, na kabla hajasema anataka kusikia neno la watu. Pua iliyojua maji yamekwenda wapi, sikio lililojua kwa nini hayatembei, kiganja kilichojua yamezibwa wapi. Ukiondoa mmoja, gari linachemka. Wewe hapo, na wewe uliyekunja mikono: ungekuwa ndiye mwenye ufunguo, ungemkabidhi nani? Na yule utakayemnyima, ungemwambia nini usoni?